Reli ya Kitale na Bungoma

Reli ya Kitale na Bungoma ni sehemu ya mtandao wa reli ya zamani ya Kenya yenye upana wa mita moja. Bungoma ina stesheni kwenye njia kuu inayotoka Nakuru kupitia Eldoret, Turbo na Webuye hadi Malaba, mpakani mwa Uganda. Kitale ni kituo cha mwisho cha njia ya tawi inayoanzia Leseru, magharibi mwa Eldoret, na kupita Moi's Bridge, mji ulioitwa zamani Hoey's Bridge.

Historia. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi la Kitale likafunguliwa mwaka 1926. Lengo lilikuwa kusafirisha mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia hadi bandari ya Mombasa. Njia kuu iliendelezwa hadi Kampala mwaka 1931.

Mpangilio. Miji hiyo miwili haijaunganishwa moja kwa moja. Behewa la mahindi kutoka Kitale likielekea Bungoma hulazimika kushuka kwanza kusini-mashariki hadi Leseru, kisha kugeukia magharibi. Abiria wa kila siku hutumia matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye.

Uendeshaji. Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli hiyo mwaka 2006. Mkataba wake nchini Kenya ulipovunjwa mwaka 2017, Shirika la Reli la Kenya lilirejea kuiendesha.