Ajira ya Jamii za Walio Wachache katika Idara ya Magereza: Haki na Wajibu Kisheria

Kifungu cha 232 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaagiza utumishi wa umma uwakilishe jamii mbalimbali za nchi. Agizo hilo linaihusu pia Idara ya Magereza, ambayo maafisa wake huwahudumia wafungwa wa kila lugha, dini na asili.

Msingi wa kisheria

Katiba inataka uteuzi na upandishaji vyeo ufanywe kwa ushindani wa haki na kwa kuzingatia sifa. Ushindani huo, hata hivyo, una sharti: wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi za kutosha na zilizo sawa. Kifungu cha 56 kinaitaka Serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache na makundi yaliyotengwa fursa maalumu za ajira. Nayo Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Kitambulisho kwanza

Kwa baadhi ya jamii, kikwazo cha kwanza hakikuwa elimu wala siha, bali kitambulisho cha taifa. Wamakonde wa Kwale walianza kupewa vitambulisho mwaka 2016, na Wapemba wa pwani wakatambuliwa rasmi mwaka 2023. Kabla ya hapo, kijana wa jamii hizo, hata akiwa na cheti cha Kidato cha Nne, hakuwa na stakabadhi ya kumfikisha mbele ya jopo la kuwasajili makurutu.

Baada ya kuajiriwa

Haki hiyo haikomei kwenye usajili. Katiba inataja pia mafunzo na vyeo. Hivyo, kurutu anayehitimu katika chuo cha magereza cha Ruiru kisha akanyimwa kozi au cheo kwa sababu ya kabila lake amebaguliwa sawa na aliyekataliwa langoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, hata hivyo, haiihusu Idara ya Magereza.

Mwananchi au ofisa anayeamini amebaguliwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Taifa ya Utangamano na Uwiano, au kwa Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa.