Kopo la Bibi na Sura za Kwenye Noti (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuendelee. Wiki iliyopita niliahidi kuwaonyesha kilichokuwamo kwenye kopo la bibi yangu. Mwite mtoto akae karibu, toa noti yoyote uliyonayo kwenye pochi, tuisome pamoja.

Bibi alikuwa mkunga wa jadi kijijini kwa miaka mingi. Mei 2025 tulimhamishia kwangu kwa sababu ya miguu. Wakati wa kufungasha, chini ya kitanda tukakuta kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na kipande cha kanga kimefungwa fundo, na ndani ya fundo noti za zamani za 20, 200 na 500.

"Hizo ni za sanda yangu," akasema.

Nilikaa chini. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010, zibadilishwe kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Tulikuwa tumechelewa mwezi mmoja tu. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe hela imekufa kabla yangu."

Basi tukazitandaza kitandani, mwanangu wa miaka saba naye akaja. Swali lake la kwanza: "Mama, kwa nini huyu babu yuko kwenye hela?"

Swali la mtoto, lakini ndilo lenyewe. Noti ni kama ile picha ya familia inayotundikwa sebuleni. Kuna mtu ameamua nani akae mbele, nani akae nyuma, na nani asiwemo kabisa.

Bibi alipokuwa msichana, aliyekaa mbele ni Malkia Elizabeth. Hela zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zikitumika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Mwaka 1964 zikatoka noti zisizo na malkia, zenye ziwa na chombo cha tanga. Yaani mwenye nyumba kaondoka, na mpya bado hajatundika picha yake.

Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu yetu ikafunguliwa, na noti zetu wenyewe zikatoka: za 5, 10, 20 na 100. Zote zilikuwa na Mwalimu Nyerere. Ile ya 100 ina kisa chake. Toleo la mwanzo lilikuwa na mchungaji wa Kimasai pamoja na wanyama kwa nyuma. Baadaye ikatoka nyingine ambayo yeye hayumo, wanyama peke yao. Wakusanyaji wa noti wanaitafuta sana ile ya mwanzo.

Sasa rudi kwenye kopo. Ya 20 ina Mwalimu. Ya 200 ina Mzee Mwinyi, nyuma wavuvi wawili. Za 500, moja ina twiga, nyingine nyati. Umeona? Kwa noti nne tu unasoma safari: Rais wa kwanza, Rais wa pili, kisha wanyama. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, na mwaka 2000 sura yake ikarudi kwenye noti ya 1000. Mzee Karume naye akaja kwenye ile ya 500 ya 2010.

Kitu kingine cha kumwonyesha mtoto ni namba zenyewe. Mwaka 1966 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya 100. Kufika 1995 tulikuwa na ya 10,000. Leo 100 ni sarafu. Kila akiba ya bibi iliyolala kwenye kopo ilikuwa inapungua nguvu polepole, hata kabla ya tarehe ya mwisho kufika.

Majirani zetu Kenya waliamua tofauti. Katiba yao ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, ndiyo maana zile mpya za 2019 zina jengo la KICC mbele.

Na sisi akina mama, tuko wapi kwenye hii picha ya familia? Nimetafuta. Noti za Uganda za 2010 zote zina Mnara wa Uhuru wa Kampala, kazi ya Gregory Maloba. Mtu mzima, ambaye wengi humwona kama mama, amezungushiwa mikanda mwilini kama bandeji, na anamwinua mtoto juu. Malawi wana Rose Chibambo, mwanamke wa kwanza kuwa waziri kwao, kwenye noti ya kwacha 200. Na Machi 2020, korona ikiwa ndiyo inaingia, Tunisia walitoa noti ya dinari 10 yenye Tawhida Ben Cheikh, daktari wa kwanza mwanamke nchini mwao, aliyehudumia akina mama na uzazi wa mpango. Nilipoiona ile picha simuni, nikiwa wodi ya wazazi, nilifurahi kama vile namfahamu.

Bibi hayumo kwenye noti yoyote. Lakini aliichukua ile ya 200, akaigeuza, akasema, "Hii nilipewa na mama wa mapacha. Wa pili alitanguliza miguu." Mwanangu akauliza wako wapi sasa. Bibi akawataja kwa majina, wote wazima.

Kwa hiyo, mama, mambo matatu. Waulize wazee wako leo kama wana hela wameficha, usisubiri tangazo likupite. Noti ya zamani usiifue, usiipige pasi, usiigundishe selotepu. Iweke kwenye karatasi safi mahali pakavu. Na ukimaliza kushika hela, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kunyonyesha.

Za bibi tumeziweka kwenye albamu, kila moja na jina la mtoto aliyezaliwa siku hiyo, zile anazozikumbuka. Sanda nimemwambia ni juu yangu. Akacheka, akasema, "Usiharakishe."

Sehemu ya 5 tutasoma nyuma ya noti: majengo, mazao na migodi. Niandikieni hapo chini, kwenu bibi alificha wapi?