Rejeta ya Hewa: Historia ya Kifaa na Mkasa wa Jina Lake

Katika kazi ya kuunda istilahi hatupokei maneno matupu. Kila neno la ufundi hutufikia likiwa limebeba historia ya kifaa chake, na pengine historia hiyo imekwisha kupitwa na wakati ilhali neno limebaki. Anayelifasiri neno la namna hiyo silabi kwa silabi hufasiri mambo ya jana na kumpa fundi wa leo. Makala haya yanachunguza mfano mmoja: kile kifaa cha injini zenye tabo ambacho mafundi wetu hukiita intakula. Asili ya jina hilo ni maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye maana ya "baina" na jingine lenye maana ya "kipozaji". Swali letu ni hili: ni baina ya nini na nini?

Kazi ya kifaa

Kabla ya kulijibu, hatuna budi kueleza kazi yenyewe. Injini huunguza mafuta kwa msaada wa hewa. Kiasi cha mafuta kinachoweza kuungua vizuri ndani ya silinda hutegemea kiasi cha hewa kilichoingia. Kwa hiyo injini ikipata hewa nyingi zaidi hutoa nguvu nyingi zaidi bila ya kuongezwa ukubwa. Tabo ndiyo hufanya kazi hiyo. Moshi utokao katika injini kuelekea ekzosi huzungusha tabini ndogo, na tabini hiyo, kwa mhimili mmoja, huzungusha kompresa inayoshindilia hewa kuelekea kwenye silinda. Katika magari madogo mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Kila aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyochemka. Na hewa ya moto hutanuka, hivyo katika ujazo ule ule huwa kidogo kuliko hewa baridi. Basi kompresa huharibu kwa mkono mmoja sehemu ya kazi iliyoifanya kwa mkono mwingine.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue hewa yenye jotoridi la sentigredi 30, ishindiliwe mpaka mgandamizo wake uwe maradufu, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70. Hewa hiyo itatoka ikiwa na jotoridi la karibu 125. Ingawa mgandamizo umekuwa mara mbili, hewa iliyomo katika kila lita haikuwa mara mbili. Imekuwa mara 1.5 tu. Sasa ipozwe mpaka sentigredi 55 kabla ya kuingia katika silinda: itakuwa mara 1.85, kasoro kidogo kinachopotea kwa kupita katika vijia vyembamba vya kifaa. Tofauti hiyo ndiyo faida ya intakula. Iko na faida ya pili. Katika injini ya petroli, mchanganyiko ulio moto kupita kiasi huwaka wenyewe kabla ya wakati wake, injini ikagonga, na pistoni zikaharibika. Hewa iliyopozwa huepusha hatari hiyo.

Kutoka kiwandani hadi angani

Wazo la kupoza hewa iliyoshindiliwa ni la zamani kuliko motokaa. Katika karne ya 19 kompresa za viwandani na migodini zilishindilia hewa kwa hatua mbili: silinda ya kwanza ilianza kazi na ya pili ikaimaliza. Ili kuipunguzia silinda ya pili mzigo, hewa ilipozwa katikati ya safari. Hapo jina "kipozaji cha baina" lilikuwa kweli tupu.

Tabo yenyewe ilikuja baadaye. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza mwaka 1905 kwa injini ambayo moshi wake ungezungusha tabini ili kushindilia hewa. Ilichukua muda mrefu wazo hilo kuzaa matunda. Mwaka 1918, nchini Marekani, mhandisi Sanford Moss alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado, kwenye kimo cha mita 4,300 hivi ambako hewa ni nyepesi. Bila tabo, nguvu za injini hiyo zilishuka kutoka kiasi cha farasi 350 hadi kama 230. Kwa tabo zilirudi hadi 356. Katika miaka ya 1920 tabo za Büchi zikaanza kutumika katika injini za dizeli za meli.

Ndege za Vita Kuu ya Pili ndizo zilizokiunganisha kipozaji na tabo mbele ya macho ya wengi. Chukua ndege ya Marekani aina ya P-38. Hewa ilishindiliwa kwanza na tabo, ikapita katika kipozaji, kisha ikashindiliwa mara ya pili na kompresa iliyoendeshwa na injini kwa gia. Katika ndege za mwanzo za aina hiyo, hewa ilipozwa kwa kupitishwa ndani ya ukingo wa mbele wa mabawa. Nguvu za injini zilipoongezwa, mabawa hayakutosha tena kuipoza, na katika aina ya P-38J kipozaji kikahamishiwa chini ya pua ya kila injini, nafasi iliyobaki mabawani ikawekwa matangi ya mafuta. Hapa pia jina "cha baina" lilistahili, maana kilikaa baina ya kompresa mbili.

Waingereza walitofautisha zaidi. Injini ya Rolls-Royce Merlin 61, iliyotiwa katika ndege za Spitfire IX mwaka 1942, ilikuwa na kompresa za hatua mbili. Maji ya kupoza yalipita katika kasha lililo baina ya hatua hizo, na baada ya hatua ya pili kilikuwapo kipozaji kingine, kabla ya hewa kuingia katika silinda. Kilichokuwa katikati kiliitwa cha baina, na kilichokuwa mwishoni kiliitwa cha baada. Huo ulikuwa usahihi wa istilahi.

Jina linapoachwa na maana yake

Magari ya abiria yenye tabo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1962. Mojawapo, Oldsmobile Jetfire, halikuwa na kipozaji cha namna hii. Ili injini isigonge, maji yaliyochanganywa na methanoli yalinyunyizwa katika hewa inayoingia. Wenye magari wengi wakasahau kulijaza tangi la mchanganyiko huo, na likiwa tupu gari lilipungukiwa nguvu. Kifaa kisichohitaji kukumbukwa kilikuwa bora.

Porsche 911 Turbo iliyotolewa katika miaka ya 1974 na 1975 ilikuwa na injini ya lita 3.0 yenye nguvu za farasi 260, bila kipozaji. Katika toleo la 1978 injini ikawa ya lita 3.3, na chini ya bawa la nyuma kikawekwa kipozaji cha hewa. Nguvu zikafikia farasi 300. Sehemu ya nyongeza hiyo ilitokana na ukubwa wa injini, lakini kipozaji kilikuwa na fungu lake. Baada ya hapo kifaa hiki kikaenea katika magari madogo na malori ya dizeli. Siku hizi ni nadra kuona lori jipya la dizeli lisilo nacho, kwa kuwa pamoja na kuongeza nguvu, hewa baridi hupunguza oksaidi za naitrojeni katika moshi.

Angalia sasa kilichotokea. Gari la kawaida lina kompresa moja tu. Kipozaji kinakaa baada yake. Hakuna kompresa ya pili mbele. Kwa haki kingeitwa kipozaji cha baada, lakini jina la ndegeni limeng'ang'ania. Wajerumani hawakunaswa na mtego huo: wao hukiita kwa neno lenye maana ya kipozaji cha hewa ya kujazia. Hawakutaja mahali kilipo, walitaja kinachopozwa.

Tukiiteje?

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, njia zetu zimekuwa kutohoa, kuunda na kupanua maana ya neno lililopo. Tuzipime zote.

"Kipoza cha kati" au "kipoza cha ndani" ni tafsiri ya silabi. Ya kwanza humfanya msomaji atafute vitu viwili ambavyo havipo. Ya pili ni mbaya zaidi, maana humwelekeza fundi ndani ya injini, ilhali kifaa mara nyingi kiko mbele kabisa ya gari. Kitabu cha matengenezo kikiagiza "kagua mipira ya kipoza cha ndani", fundi mwaminifu atafungua asichopaswa kufungua. "Kipoza hewa" nalo lingechanganywa na kiyoyozi. "Intakula" limekwisha kuenea gereji, na hatuna ugomvi nalo. Lakini kwa mwanafunzi halielezi lolote.

Rai yetu ni "rejeta ya hewa". Mafundi wanajua rejeta ya maji na rejeta ya oili. Hii ni ndugu yao wa tatu, na hata sura zao hufanana. Huenda mtu akahoji kwamba katika baadhi ya magari ya leo kifaa hiki hupozwa kwa maji. Jibu letu ni kwamba rejeta ya oili haikuitwa hivyo kwa sababu oili ndiyo inayopoza, bali kwa sababu oili ndiyo inayopozwa. Kanuni ni ile ile. Nalo jina "kipoza cha baina" lisitupwe: lihifadhiwe kwa kompresa za hatua mbili, ambako lingali linasema kweli.

Kwa wafasiri, fundisho ni kwamba kamusi peke yake haitoshi. Kabla ya kuuliza neno la kigeni lina maana gani, yafaa tuulize kifaa kinafanya nini na kimekaa wapi. Walimu wa ufundi na maofisa waandaao vitabu vya matengenezo ndio watakaolipima pendekezo hili, wakilitumia mbele ya wanafunzi na mafundi. Likishindwa huko, hakuna orodha ya istilahi itakayoliokoa.