Mkemia, Kompyuta na Fidla Mbili

Tarehe 9 Agosti 1956, mjini Urbana katika jimbo la Illinois, Marekani, wapigaji wanne walikaa mbele ya hadhira na fidla mbili, viola na selo. Noti walizopiga zilikuwa zimetoka kwenye kompyuta. Habari zilipofika magazetini, mabishano yakaanza: tangu lini mashine ikatunga muziki?

Aliyeanzisha zogo hilo, Lejaren Hiller, hakuwa mkemia aliyedandia muziki. Akiwa Princeton alisomea kemia hadi uzamivu na papo hapo akajifunza utunzi kwa Roger Sessions na Milton Babbitt. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya DuPont. Mwaka 1952 akahamia idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka uleule ilipowashwa hapo kompyuta ya ILLIAC, dude la tani kama tano.

Hiller aliitumia kuchunguza jinsi molekuli ndefu, mfano za mpira, zinavyojikunja. Programu iliijenga molekuli hatua kwa hatua, kila hatua kwa kubahatisha. Hatua ikiangukia mahali palipokwisha kukaliwa na sehemu nyingine ya molekuli, ilikataliwa. Mtu aliyesomea utunzi hakukawia kuona kufanana. Kanuni za kuoanisha sauti, ambazo Johann Joseph Fux alizipanga katika kitabu chake cha mwaka 1725, nazo hukataza: mruko huu hauruhusiwi, sauti hizi mbili zisifuatane hivi. Basi yeye na mkemia mwenzake, Leonard Isaacson, wakaifanya kompyuta ibahatishe noti na kutupa kila iliyovunja kanuni. Zilizosalia zilitoka kama herufi na tarakimu, na binadamu akaketi kuzinakili kwa mkono kuwa noti za muziki.

Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, kusema kweli, inasikika kama zoezi la mwanafunzi mtiifu. Ya nne, iliyokamilika baada ya onyesho lile, ndiyo yenye ujasiri: iliacha kanuni za kale na kufuata hesabu za uwezekano tu. Lakini aliyeamua kipi kikatazwe na kipi kiachiwe bahati alikuwa Hiller, kwa hiyo waliolalamika kwamba mashine imempokonya mtunzi kazi walikosea mshtakiwa.

Kazi nzima, Illiac Suite, ilichapishwa mwaka 1957. Mwaka uliofuata Hiller aliiacha idara ya kemia, akaingia ya muziki, na kufungua hapo studio ya muziki wa majaribio.