Farasi na Punda Waliofia Njia ya Unyanyembe

Sisi watu wa pwani farasi twamjua kwa sifa kuliko kwa kumfuga. Twamjua katika Qur'ani, ambamo Sura ya Al-Adiyat, kwa kauli ya wafasiri wengi, yafunguliwa kwa kiapo cha farasi wakimbiao. Twamjua katika sira ya Mtume (s.a.w.) na masahaba zake. Na wazee wetu wa Unguja walimjua katika mabanda ya Masayyid, waliokuwa wakiletewa farasi kutoka Oman na Ghuba. Sayyid Said bin Sultan alipoituma merikebu yake Sultana mpaka New York mwaka 1840, chini ya Ahmad bin Naaman, katika zawadi alizompelekea Rais wa Marekani, Martin Van Buren, walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, nao walifika.

Basi ni jambo la kuzingatiwa, ndugu msomaji, kwamba farasi wa namna ile ile aliyeweza kuvuka bahari mpaka Marekani, hakuweza kutoka Bagamoyo kwa miguu yake akafika Tabora, ambako si zaidi ya kilomita 800 hivi. Njia ile ilipitwa na maelfu kwa maelfu ya watu kila mwaka, ikapita pembe, nguo, shanga na bunduki. Ila mnyama wa kupanda na wa kubeba hakuimudu.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwaka 1871. Henry Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, aliondoka pwani na farasi wawili na punda 27. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa ametawala tangu 1870; wa pili alipewa na mfanya biashara wa Kimarekani aliyekaa Unguja. Hata hawajaiacha nchi ya mrima vizuri, wamefika mahali paitwapo Kingaru, yule farasi wa Sayyid akafa usiku. Stanley akaamuru afukiwe mbali kidogo na kambi. Hapo mkuu wa mji akaja kudai: mnyama amezikwa katika ardhi yake bila ya ruhusa, basi alipwe doti mbili za merikani. Stanley akajibu kwamba kama ni ardhi, atamfukua farasi wake na kuyajaza mashimo, na mzoga ubaki juu. Mzee yule akaona harufu itakayokuja, akaacha dai lake. Haikupita hata siku moja, farasi wa pili naye akafa.

Wengi wakikisoma kisa hiki hucheka kwa habari ya hongo ya kaburi. Mimi humtazama zaidi mwenye farasi. Katika muda usiotimia siku moja amepoteza wanyama wawili wa thamani, na mbele yake ipo miezi ya njia. Aliwapasua matumbo kutaka kujua sababu, akaona minyoo kwa mmoja na uvimbe kwa mwingine, akashika hayo.

Kabla yake, Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 na punda wapatao thelathini. Safari yao mpaka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ilichukua zaidi ya miezi minne; walifika tarehe 7 Novemba wakapokewa kwa wema mkubwa na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Punda wao wengi walikwisha kubaki njiani, mmoja hapa, mmoja kule, katika matope ya Uzaramo na milima ya Usagara.

Sasa twajua lililokuwa likiwaua wengi wao. Ni mbung'o, ambaye watu wa bara humwita ndorobo, inzi akaaye katika vichaka na misitu ya miombo na kunyonya damu. Mwaka 1895 tabibu wa jeshi la Kiingereza, David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alithibitisha kwamba ndani ya damu ya ng'ombe na farasi waliougua ugonjwa uitwao nagana mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kwamba mbung'o ndiye anayevichukua kutoka mnyama hata mnyama. Nyati na swala huvibeba wala wasidhurike. Farasi hawezi: hushikwa na homa, macho hutoka machozi, miguu na tumbo la chini huvimba, hukonda ilhali anakula, nyuma yake hulegea na kuyumba, kisha huanguka. Punda huvumilia zaidi, lakini naye aghalabu hufa. Mwenye mnyama asiyejua haya humwona akichechemea, akadhani ni mguu, akamkanda mguu, na maradhi yako katika damu.

Hapa ndipo watu wengi huishia. Husema: ni mbung'o, na mbung'o ni qadari ya Mwenyezi Mungu, basi hapana la kuuliza. Mimi naona hapa ndipo pa kuanzia, na shahidi wangu ni safari nyingine, ya David Livingstone mwenyewe.

Mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani na ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne. Alitaka kuijaribu ile njia ya Ruvuma aone ni mnyama gani atakayestahimili kuumwa na mbung'o. Wanyama hao waliangaliwa na askari aliokuja nao kutoka Bara Hindi. Waliumwa na mbung'o kweli. Lakini pia walitwikwa mizigo kupita kiasi, wakapigwa kwa magongo, wakachubuliwa migongo mpaka ikawa madonda makubwa, wakanyimwa mapumziko. Walipoanza kufa mmoja baada ya mmoja, jaribio lote likaharibika: haikuwezekana tena kusema huyu kauawa na inzi na huyu kauawa na fimbo. Livingstone aliyaandika hayo kwa uchungu katika daftari lake, na askari wale baadaye akawarudisha pwani.

Twaambiwa katika hadithi za Mtume (s.a.w.) kwamba aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Answari, akamkuta ngamia aliyelia alipomwona. Akampapasa mpaka akatulia, kisha akamwuliza mwenyewe kama hamwogopi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, maana anamtia njaa na kumchosha kwa kazi. Na Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) yasimuliwa kwamba alihofu kuulizwa na Mola wake hata kwa mnyama atakayejikwaa huko Iraki, naye yuko Madina, kwa sababu hakumtengenezea njia. Tazama mwendo wa fikra yake. Mnyama kujikwaa ni qadari; hakuna alilokanusha katika hilo. Lakini njia mbovu ilikuwa na mwenyewe.

Wapo waliodanganywa na bahati njema pia. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka Saadani na maksai wachache, akafika Mpwapwa akarudi nao wazima. Wakubwa wake wakaona basi, njia imepatikana, magari ya maksai yatafika ziwa la Tanganyika. Mwaka uliofuata msafara mkubwa ukaondoka na magari, na ng'ombe wakafa karibu wote kabla ya kufika mbali. Mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam. Mbung'o hawakuwaua upesi kama walivyowaua ng'ombe, lakini hawakudumu nao.

Na mnyama alipokufa, mzigo wake ulikwenda wapi? Wazo hili halitajwi sana. Mzigo wa kawaida katika njia ile ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na aliyeuchukua alikuwa mpagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa kazi hiyo, waliojiajiri kwa ujira na kwa heshima ya safari. Lakini wengine waliochukua walikuwa watumwa, na katika wenye misafara walikuwamo watu wetu wa pwani na jamaa zetu kutoka Oman, waliojua kusali na kufunga. Mwenye punda aliyekufa alihesabu hasara yake kwa riale. Mtu aliyeugua njiani mara nyingine aliachwa chini ya mti. Si haki kulaumu fimbo za wale askari wa Livingstone na tukanyamaza kwa hili.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kazi ya msafara ikaisha. Mbung'o hakuisha. Katika miaka ya 1920 huko Shinyanga serikali ya Kiingereza, chini ya Charles Swynnerton, iliwakusanya wananchi kwa maelfu, wakakata vichaka kwa mashoka ili kumfukuza. Unguja wetu alimalizwa kwa namna nyingine kabisa: walizalishwa madume wasiozaa, wakamwagwa kwa ndege, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika naye.

Nilisomesha Tabora miaka kadhaa, na katika likizo nilialikwa Choma, katika wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki ya mji. Ni nchi ya mbuga nyeusi, ya ng'ombe, pamba na punda. Farasi hakuna, punda ndiye farasi wa maskini, ndiye achukuaye maji, kuni na magunia. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu, na alikuwa amepoteza punda watatu katika miaka miwili, na wote walianza kwa kuchechemea. Majirani walimwambia amerogwa. Alinitaka nimsomee dua, nikamsomea. Kisha tukakaa tukawataja punda wale mmoja mmoja.

Wa kwanza alichechemea katika masika. Udongo wa mbuga ukilowa hung'ang'ania, na ukwato wa punda ukikaa majini siku nyingi hulainika, kijiwe au mwiba ukapenya, usaha ukakusanya ndani. Dawa yake si kubwa: kuupasua usaha utoke, kuosha kwa maji ya chumvi, kufunga kitambaa safi na kumpumzisha mahali pakavu. Lakini ilikuwa wakati wa pamba, na mkokoteni ulingoja. Punda naye ana tabia ya kuficha maumivu yake. Akichechemea mbele ya macho yako, jua ana siku kadhaa. Alifanya kazi mpaka akalala asiinuke.

Wa pili alikwenda naye kusini kwenye misitu kufuata mbao. Aliporudi alikonda, akavimba miguu, akayumba. Bwana mifugo alisema ni ndorobo, akapiga sindano, ikawa amechelewa.

Wa tatu alichechemea upande mmoja, kwato zake hazina kitu. Siku nyingi zilipita mpaka mtu alipoitazama nira. Ilikuwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kuizuia. Punda hana, basi mti ule ulimkandamiza shingo na bega, akawa anakwepa maumivu kwa kuutupa uzito mguu wa pili, mpaka na huo ukaharibika.

Yule mzee akanyamaza, kisha akasema: "Basi shekhe, wa pili ni wa Mungu. Wa kwanza na wa tatu ni wangu."

Nikamwambia kwamba wote watatu ni wa Mungu, na kwa wote watatu aseme lile tunalolisema penye msiba, naye ana thawabu akisubiri. Lakini kuulizwa ni kitu kingine, na hilo amekwisha kulijibu mwenyewe bila ya mimi. Tena akiujua upande wake hatamtafuta mchawi, wala hatamchukia jirani. Hilo la mwisho lilimgusa, maana palikuwa na nyumba moja aliyokwisha acha kuiamkia.

Watu wa Lamu watayafahamu haya upesi kuliko wengine, kwani mji wao waenda kwa punda, na tangu 1987 wana kituo cha kuwatibu wanyama hao, walichofunguliwa na jumuiya ya Kiingereza ya kuwahifadhi punda. Huko bara mambo yalikuwa magumu zaidi, na siku hizi hasara imekuja kwa mlango mwingine. Ngozi ya punda inatakiwa Uchina kwa kutengenezea dawa, ikafunguliwa machinjio Dodoma na Shinyanga, na wezi wakafuata. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, walikubaliana kuzuia punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi. Makubaliano ni karatasi, na mwizi wa usiku hasomi karatasi.

Mzee wa Choma alinunua punda jike wawili baada ya wale watatu. Aliwachongea nira ya kifuani, ya mikanda ya turubai iliyotiwa magunia ndani. Hulala nao ndani ya boma, pamoja na ng'ombe. Na kila siku baada ya sala ya Alasiri huinua miguu yao minane, mmoja mmoja, akaifuta udongo kwa kijiti na kuinusa.