Mashini iliyosahau mwaka: historia ya BIOS kwa sisi wenye kompyuta za okazioni



Wengi kati yetu tuliandika TFC na memwari juu ya mashini ambayo ilishatumikia mtu mwingine miaka mingi kabla ya kufika Kolwezi. Ilikuwa mu ofisi fulani ya Ulaya, ikapandishwa mu kontena, ikapita Lubumbashi, ikaishia juu ya meza ya muuzaji. Unainunua, inafanya kazi vizuri, halafu siku moja unaiwasha na inaandika herufi nyeupe juu ya weusi: saa haijapangwa, finya F1 ili kuendelea. Unafinya. Windows inaingia, lakini tarehe inasema mwaka wa 2009 na intaneti inakataa karibu kila ukurasa. Hapo njo unasikia lile shauri la haraka: «Ile imekufa, uza paka bipande.»

Mara nyingi mashini ya namna hiyo haijakufa, imesahau tu. Mwanafunzi anayeiuza kwa bei ya bipande anapoteza mafranga ya familia kwa ajili ya betri moja ndogo kama kifungo cha koti. Leo nataka tuongee historia ya ile sehemu ya kompyuta inayosahau, yaani BIOS, kwa sababu ukijua ilitoka wapi hautaiogopa tena.

Mimi ni mtu wa kilimo, sikusoma informatiki. Lakini mu kilimo tarehe ni nusu ya data. Ukipima mvua na urefu wa mahindi kila juma, na mashini inaandika juu ya kila faili kwamba ni ya 2009, baada ya miezi mitatu hautajua faili gani ni mpya na gani ni ya zamani. Ni hapo nilianza kujiuliza: kompyuta inajuaje leo ni siku gani? Jibu ni kwamba haijui. Mtu aliiambia, na kuna kitu kinachoikumbusha.

Neno lenyewe

BIOS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mpango wa msingi wa kuingiza na kutoa. Neno hili lilitoka kwa Mmarekani Gary Kildall, katikati ya miaka ya 1970, mu programu yake iliyoitwa CP/M. Wakati ule kila fabriki ilitengeneza kompyuta kwa namna yake, na kuhamisha programu toka mashini moja hadi nyingine ilikuwa mateso. Kildall aligawa kazi sehemu mbili. Sehemu kubwa ilibaki ileile kila mahali. Sehemu ndogo tu, ile inayoongea na kibodi, skrini na disketi za mashini fulani, njo iliandikwa upya. Hiyo ndogo aliiita BIOS.

Ni kama mukalimani mu kijiji. Mugeni hana lazima ya kujua luga ya kila kijiji, inatosha kila kijiji kiwe na mukalimani wake.

1981: swichi ndogo na swali kila asubuhi

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilionyesha kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi, IBM PC. BIOS yake iliandikwa ndani ya chipu isiyofutika, na ukubwa wake ulikuwa kilobaiti 8 tu. Picha moja unayotuma kwa WhatsApp inapita hapo mara nyingi.

Mashini ile haikuwa na ukurasa wa kupanga mambo kama tunaoujua leo. Kama uliongeza memori au disketi ya pili, ulifungua sanduku na kusogeza swichi ndogo za plastiki juu ya bodi mama. Swichi hizo njo ziliambia BIOS mashini ina memori ngapi, skrini ya aina gani, na disketi ngapi. Na haikuwa na saa yenye betri. Kila mara ulipoiwasha, ilikuuliza: leo ni tarehe gani? sasa ni saa ngapi? Kwa hiyo ile mashini yako inayosahau mwaka imerudia tu tabia ya babu yake wa 1981.

Namna BIOS ilivyoacha kuwa ya IBM peke yake

IBM ilichapisha mu kitabu chake cha ufundi maandishi yote ya BIOS, ili wafundi waielewe. Lakini kunakili ilikuwa marufuku, maana haki ilikuwa ya IBM. Kampuni ya Compaq ilipata njia. Kundi moja la wafundi lilisoma na kuandika BIOS inafanya nini, bila kuandika inafanyaje. Kundi la pili, ambalo halikuwa limeona maandishi ya IBM, lilitengeneza BIOS mpya inayofanya mambo yaleyale. Compaq ilitangaza mashini yake Novemba 1982. Mwaka wa 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuzia fabriki yoyote BIOS iliyotengenezwa kwa njia kama hiyo. Baadaye zikaja Award na AMI, majina ambayo bado unayaona juu ya skrini za mashini za zamani.

Tuone vizuri kilichotokea. Bila hiyo kazi, kompyuta ingebaki kitu cha kampuni moja na bei ya kampuni moja. Mashini za bei ndogo zilizojaa duniani, na ambazo zilishuka mpaka kwetu kama okazioni, zilizaliwa hapo.

1984: betri inaingia

Agosti 1984 IBM ilitoa mashini nyingine, PC AT. Ndani yake kulikuwa chipu ya Motorola yenye saa na memori ndogo ya baiti 64. Kati ya hizo, 14 zilikuwa za saa, na 50 zilibaki kwa kuandika mipango: disiki ya aina gani, memori ngapi, skrini gani. Memori hiyo ni ya aina inayoitwa CMOS, inakula kuranti kidogo sana, lakini ikikosa kuranti kabisa inafuta kila kitu. Njo maana waliweka betri. Mwanzoni uliipanga kwa disketi maalum. Baadaye Award, AMI na wengine waliweka ukurasa wa kupanga ndani ya BIOS yenyewe. Huo njo ukurasa wa bluu ambao mafundi wetu wanauingilia kwa kufinya Delete, F2, F10 au F1, kufuatana na fabriki.

Saa yenyewe inaendeshwa na kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo haikuchaguliwa ovyo: ukiigawa kwa mbili mara 15, inabaki 1, yaani sekunde moja. Chipu inahesabu tu.

Na betri? Mu mashini nyingi za okazioni ni ile ya CR2032, volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Hapa mtoto wa Kolwezi ataruka haraka na kusema: kobalti yetu! Kobalti iko mu betri kubwa za laptop na telefone nyingi, ni kweli. Lakini CR2032 inatengenezwa na litiamu na manganezi. Na manganezi pia si ngeni kwa Lualaba. Kisenge, magharibi ya provensi yetu, ilichimba manganezi na kuituma baharini Lobito kwa reli ya Benguela, mpaka vita ya Angola ya 1975 ilipofunga njia. Kitu kinachoikumbusha mashini yako mwaka kinatumia madini ambayo bazee wetu walipakia mu mabehewa.

Sisi tulikuwa wapi?

Wakati PC AT inatoka, Gécamines ilikuwa bado na nguvu. Mu miaka ya katikati ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Lakini kompyuta ya mtu binafsi ilienea duniani hasa mu miaka ya 1990, na ile miaka njo ilituangusha. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufika 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka kwa ile mipango iliyoitwa departi volontere. Familia iliyokosa mushahara haikununua kompyuta mpya. Kwa hiyo sisi tuliingia mu informatiki kupitia mlango wa nyuma, mlango wa okazioni. Ninasema hivyo bila aibu. Anayetumia mashini ya zamani anahitaji kuijua kuliko anayetumia mpya, maana mwenye mpya ana garanti na wewe una mikono yako.

Mara mbili BIOS iliogopesha dunia

Mara ya kwanza ni tarehe 26 Aprili 1999. Virusi iliyoitwa CIH, iliyoandikwa Taiwan, iliamka siku ile. Wakati ule fabriki zilikuwa zimeacha chipu isiyofutika na kuchukua inayoandikika upya, ili BIOS irekebishwe bila kubadilisha chipu. Virusi ikapita mlango uleule: mu mashini fulani ilifuta BIOS yenyewe, na mashini haikuwaka tena hata kidogo.

Mara ya pili ni usiku wa kuingia 2000. Saa ya 1984 iliandika mwaka kwa tarakimu mbili. Baada ya 99 inakuja 00, na BIOS fulani za zamani zilielewa 1900, kisha programu zikaonyesha 1980. Lilikuwa tatizo lilelile la mashini yako: haijui mwaka, inasubiri kuambiwa.

Mlango unafungwa polepole

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel ilianza kutengeneza mupango mupya wa kuchukua nafasi ya BIOS, na mwaka wa 2005 makampuni yaliungana kuusimamia kwa jina la UEFI. Tangu Windows 8, mwaka wa 2012, mashini mpya nyingi zinakagua sahihi ya programu kabla ya kuiwasha. Windows 11, ya 2021, inadai hiyo na chipu ya usalama pia. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10.

Kinga hiyo ina maana, CIH ilituonyesha. Lakini tuhesabu pia matokeo. Ofisi za Ulaya zinaachilia mashini nzuri ambazo Windows 11 inazikataa, na nyingi zitateremka kwetu. Atakayejua kuingia mu ukurasa ule na kubadilisha mpangilio wa kuwaka ataweka Linux na kusoma miaka mingine mitano. Asiyejua ataambiwa auze bipande.

Mambo ya kushika

Kabla ya kugusa kitu, piga picha ya kila ukurasa kwa telefone. Badilisha jambo moja tu kwa mara moja, kisha jaribu.

Saa ikirudi nyuma kila mara unapochomoa waya, zima kabisa, chomoa, badilisha betri, kisha panga tarehe. Tovuti nyingi zinaonyesha hati ya usalama yenye siku ya kuanza na ya kuisha. Mashini inayoamini ni 2009 inaona hati hiyo bado haijaanza, kwa hiyo inakataa. Na mashini ya meza ikibaki mu kuranti, saa inakula kwa ukuta. Ikikosa kuranti, inakula betri. Kwetu kuranti inakatika mara nyingi, betri inazeeka mapema.

Usiguse aina ya disiki, IDE au AHCI, kama Windows iko tayari ndani. Ukibadilisha, inaweza kukataa kuwaka. Ukirudisha kama ilivyokuwa, kwa kawaida inarudi.

Neno la siri: mu mashini nyingi za meza za zamani linafutika ukitoa betri, maana limeandikwa mu CMOS. Mu laptop nyingi za ofisi limeandikwa mu chipu nyingine, na betri haisaidii. Kwa hiyo omba muuzaji akuonyeshe kwamba BIOS inafunguka kabla ya kutoa mafranga. Na kumbuka kibodi: BIOS nyingi zinasoma kila kibodi kama ya Kimarekani. Juu ya AZERTY ukiandika «kazi», yenyewe inasoma «kqwi». Kabla ya kusema neno la siri limepotea, jaribu hilo.

Toka swichi za 1981 mpaka chipu za leo, swali limebaki moja: nani anaambia mashini namna ya kuamka? Mwanzoni alikuwa mwenye mashini, mu mkono wake. Sasa fabriki inasema sehemu kubwa. Mu mashini zetu za zamani neno bado ni letu, tusiliuze kwa bei ya bipande.

Na wewe, BIOS yako inaandika mwaka gani juu ya skrini? Iwashe, angalia, utuambie hapa chini. Na kama una rafiki anayetaka kuuza mashini «iliyokufa», mutumie andiko hili kwanza.