HISTORIA YA JIKONI, SEHEMU YA 7: Mkate wa jibini wa Kiitalia ulitoka kwa watu wa kubana matumizi

Nesi wenu nimetoka zamu, nimeoga, nimekaa. Chukua chai yako, shuka nao taratibu.

1.
Kila nikitaja jibini humu, kuna mtu lazima aandike, "Hivyo ni vya hotelini, sister, sisi tuna ugali wetu." Bei ya jibini dukani sibishani nayo, naijua. Ila tukienda kwenye historia, huu mkate wenye jibini ya moto katikati ulianzia kwa watu waliokuwa wanaokoa mkate wa jana usiende jalalani. Hotelini umefika baadaye sana.

2.
Tuanzie kusini mwa Italia, mji wa Napoli, mkoa wa Campania. Kule wanafuga nyati, wale wa kufugwa wanaopenda kulala kwenye maji na matope, na maziwa yao ndiyo yanayotengeneza mozzarella ya asili. Maziwa yakishaganda, lile donge huwekwa kwenye maji ya moto sana, fundi analivuta na kulikunja mpaka linakuwa kama ulimbo, kisha analikata vipande kwa vidole. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiitalia la kukata. Na si jibini ya juzi: mwaka 1570 Bartolomeo Scappi, mpishi wa Papa, aliitaja kwenye kitabu chake cha mapishi.

3.
Sasa tatizo la mozzarella ni kwamba ina maji mengi na haikai. Zamani friji hakuna, siku mbili tatu imeanza kuchachuka. Pembeni kuna mkate uliokauka. Yaani mama wa Napoli ana vitu viwili vinavyoelekea kutupwa, na watoto wana njaa. Akaweka jibini katikati ya slesi mbili, akachovya kwenye unga na yai, akakaanga kwenye mafuta. Wakaita mozzarella in carrozza, maana yake mozzarella ndani ya gari la farasi. Mkate ndiyo gari, jibini ndiyo abiria. Huko Venice wao huongeza samaki wadogo kama dagaa, waliohifadhiwa kwa chumvi.

4.
Hapa ndo pananifurahisha zaidi. Miaka ile ya kuelekea Vita Kuu ya Kwanza, mamilioni ya Waitalia walikuwa wanapanda meli kwenda kutafuta maisha Marekani na Amerika ya Kusini. Kati ya waliokwenda walikuwepo mke na mume, Angela Demichelis na Onorino Nebiolo. Walifanya kazi Detroit, wakaweka akiba, na mwaka 1925 wakarudi Italia na kununua mkahawa mdogo mjini Torino, unaitwa Mulassano. Kwenye mizigo yao walirudi na mashine ya kuchoma slesi. Wakaanza kuwauzia wateja mkate wa kuchoma wenye vitu katikati.

5.
Mwaka 1926 Angela akajaribu kutochoma kabisa: mkate laini, siagi, na wale samaki wa chumvi. Watu wakapenda. Mwandishi Gabriele D'Annunzio anatajwa kuwa ndiye aliyekipa jina la tramezzino, kama kusema "kidogo cha katikati", maana enzi za Mussolini maneno ya Kiingereza kama sandwichi yalikuwa hayatakiwi. Mkahawa upo mpaka leo, na ukutani kuna kibao chenye jina la Angela. Si mfalme wala waziri, ni mwanamke aliyerudi kutoka ughaibuni na akiba yake.
Halafu cheki kichekesho cha lugha: pamoja na kukataa Kiingereza kote huko, leo ukitaka mkate wa kuchoma wenye jibini na nyama ya nguruwe Italia, unaomba "toast".

6.
Wakati huohuo Marekani nako mambo yalikuwa yanasogea. Mwaka 1916 James Kraft alipata hataza ya jibini ya kiwandani inayokaa muda mrefu bila kuharibika. Mwaka 1928, mji wa Chillicothe, Missouri, mkate uliokatwa tayari ukaanza kuuzwa kwa mashine ya Otto Rohwedder. Slesi rahisi, jibini rahisi. Ulipokuja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, familia nyingi zikashiba kwa mkate na jibini ya kuyeyusha. Unaona? Bahari nyingine, sababu ileile: mfuko umekauka.

7.
Hotelini iliingiaje? Milano, miaka ya 1970 na 1980, vilifunguliwa vibanda vingi vya kuuza panini. Vijana wa familia zenye nazo wakaanza kukusanyika huko na makoti ya bei mbaya, mpaka wakaitwa paninari, yaani vijana wa panini. Kuanzia hapo chakula cha vibarua kikapata hadhi ya mjini, na dunia nzima ikanunua zile mashine za kubana mkate.
Kwa faida ya ubishi wa vijiweni: panino ni moja, panini ni nyingi. Kama kiazi na viazi.

8.
Huku kwetu Waitalia hawako mbali. Malindi wapo tangu miaka ya 1960, walipokuja na mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti kutoka baharini, na leo utakuta vijana wa ufukweni wanaongea Kiitalia kama wamezaliwa Napoli. Njombe nako kulianzishwa kiwanda cha maziwa kilichotengeneza jibini za mtindo wa Kiitalia kwa maziwa ya wafugaji wa kulekule.

9.
Namna ya kufanya nyumbani. Chukua slesi za jana, zilizokauka kidogo, hazinywi mafuta sana. Mozzarella ikate, iache kwenye chujio kama saa moja itoe maji, la sivyo mkate utalowa. Weka katikati ukiacha ukingo, tia chumvi kidogo, na nyanya nyembamba na majani ya mrehani ukipenda. Lowesha kingo kwa maziwa, bana, pitisha kwenye unga kisha kwenye yai. Kaanga moto wa wastani mpaka iwe rangi ya dhahabu pande zote. Hutaki mafuta mengi? Paka siagi nje, weka kwenye kikaango, gandamiza na sufuria nzito juu. Mozzarella huna? Jibini yoyote inayoyeyuka inafaa.

10.
Sasa nivae sare kidogo. Kubana matumizi kuna mpaka. Mkate mkavu ni sawa, mkate wenye ukungu TUPA wote. Usikwangue ile kijani ukadhani umemaliza, ukungu umeshaingia ndani usikokuona.
Na jibini iwe ya maziwa yaliyochemshwa au kupasteurishwa. Hili nalo lina historia yake: mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce aligundua kisiwani Malta kijidudu cha homa iliyokuwa inawalaza askari, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kwamba kilikuwa kinatoka kwa mbuzi wa maziwa. Ndiyo brusela. Huku kwetu ipo, hasa kwenye jamii za wafugaji, na dalili zake zinafanana na malaria: homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, viungo kuuma. Mtu anameza dawa za malaria wiki na wiki, hapati nafuu. Usitegemee kikaango kikuulie hao wadudu, jibini ikiyeyuka haina maana imeiva mpaka ndani. Mjamzito ndiyo kabisa, jibini laini ya maziwa mabichi usiguse. Na kama una homa isiyoisha na unakunywa maziwa mabichi, mwambie mhudumu wa afya hivyo, usisubiri aulize.

11.
Nimemaliza. Kwenu mkate wa jana mnaufanyaje? Wa pwani najua mtanitajia boflo na mchuzi. Andika hapo chini, na ukijaribu hii weka picha tuone jibini inavyovutika. Sehemu ya 8 tunakwenda kwenye chapati.